Tumbo, Amani na Heshima: Kipi Kwanza?



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, kabla ya adhana ya magharibi nataka tuzungumze kuhusu tumbo. Tena saa hizi ambapo kila mmoja analisikia lake!

Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa Marekani, Abraham Maslow, aliandika kwamba mahitaji ya mwanadamu yana ngazi. Chini kabisa ni chakula na maji. Kisha usalama, kisha kupendwa na kuwa na watu wako, kisha heshima, na juu kabisa mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Mwenyewe alikiri kuwa mpangilio huo si wa chuma. Lakini sisi tumeukariri hivi: mpe mtu chakula na nyumba, mengine baadaye.

Sasa tazameni hapa kwetu Olkaria. Mwaka 2014, kwa ajili ya mradi wa umeme wa mvuke wa Olkaria IV, familia za Kimaasai kutoka vijiji vinne zilihamishiwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Zilijengewa nyumba za kudumu, shule na zahanati. Kwa hesabu ya ngazi, chini kumejaa, si ndio? Lakini malalamiko yalifika mpaka Benki ya Dunia, mmoja wa wafadhili. Yalikuwemo ya ardhi na barabara, kweli. Ila Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, katika ripoti ya 2015, lilitaja pia kasoro katika mashauriano: Kimaa hakikutumiwa inavyotakiwa, na wazee wa jadi hawakushirikishwa ipasavyo. Ikabidi pande mbili ziketi na wasuluhishi. Nyumba nzuri si kitu kidogo, mimi siidharau. Lakini mtu anataka pia kuulizwa, tena kwa lugha yake.

Tuliosoma chuoni tunaijua Suratu Quraysh. Allah (SWT) anawakumbusha Maquraysh kwamba amewalisha wakati wa njaa na kuwapa amani wakati wa hofu, basi wamwabudu. Hapo Maslow angetabasamu. Lakini fungua Suratu Ibrahim usome dua ya Nabii Ibrahim (AS). Anaomba kwanza amani ya mji. Halafu anasema amewaweka kizazi chake katika bonde lisilo na mimea ili wasimamishe swala, anaomba nyoyo za watu ziwaelekee, ndipo anaomba matunda. Bonde kavu, na bado swala na nyoyo za watu zimetajwa kabla ya chakula!

Hata saumu ni hivyo hivyo. Kibarua anayefunga huku akishinda juani ameacha daraja ya chini kwa hiari yake, kwa ajili ya iliyo juu. Lakini tahadhari: njaa ya kufunga ina magharibi yake, njaa ya kukosa haina. Usimhubirie subira jirani ambaye sufuria yake ni tupu.

Basi wiki ijayo, insha Allah, tutakapopeleka zakatul fitri, ifike kabla ya swala ya Idd. Simu zibaki mfukoni, hakuna kumpiga mama wa watu picha akiwa ameshika unga. Mkikaribishwa, ketini. Muulizeni hali, na kama watoto wake wanasoma madrasa au wanaona haya kuja kwa sababu ya nguo. Majibu hayo mniletee pamoja na magunia matupu.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.