Aliyefunga Ruta Hakueleza

Habari ya ruta kuukuu ilisikika wiki nzima mwezi Mei 2025. Jumatano ya Mei 7 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa orodha ya ruta ambazo watengenezaji wameshaacha kuzihudumia, nyingi zikiwa za Linksys, likaonya kwamba wahalifu wanaziteka na kujificha nyuma yake. Ijumaa yake Wizara ya Sheria ya Marekani ikaweka hadharani mashtaka dhidi ya Warusi watatu na raia mmoja wa Kazakhstan, wakidaiwa kuzikodisha ruta zilizotekwa. Wasikilizaji waliyasikia yote hayo. Kinachokikera kituo hiki hakimo kwenye hati ya mashtaka. Ni hali ya mwenye ruta, ambaye kisanduku chake kilikuwa kikikodishwa usiku na mchana naye hana habari. Hakujua, kwa sababu aliyefunga hakueleza.

Biashara yenyewe haikufichwa uvunguni. Tovuti mojawapo ya ukodishaji huo, 5socks, ilijinadi kuwa kazini tangu 2004 na kuwa na zaidi ya anwani 7,000 za kukodisha duniani kote, kwa ada ya dola 9.95 hadi 110 kwa mwezi. Waendesha mashtaka wanasema washtakiwa walivuna zaidi ya dola milioni 46. Mpangaji akilipa, kila anachokifanya mtandaoni kinaonekana kimetoka kwenye nyumba ya mtu mwingine. Akijaribu kuingia kwenye akaunti ya benki isiyo yake, anwani inayobaki kwenye kumbukumbu za benki ni ya mwenye nyumba. Wachunguzi walizikuta ruta za namna hiyo Oklahoma, majumbani na kwenye biashara za kawaida kabisa.

Hapa lipo jambo ambalo halikutiliwa mkazo wakati huo. Kirusi kilichotumika, TheMoon, kinajulikana tangu 2014, na hakihitaji nenosiri. Kinapiga hodi kwenye milango ya ruta iliyoachwa wazi upande wa intaneti, kikikuta kasoro ya zamani kinaingia. Kwa hiyo aliyeambiwa abadilishe nenosiri akalala usingizi ameelezwa nusu. Nenosiri libadilishwe, ndiyo, lakini ruta isiyopokea tena masasisho haiokolewi na nenosiri. FBI wenyewe wanasema ruta ya mwaka 2010 au kabla ya hapo huenda haipati tena masasisho kutoka kwa mtengenezaji. Nani alimwambia mteja kwamba ruta inazeeka? Taa zake zinawaka, simu zinashika waifai, watoto wanatazama katuni. Aliyefunga hakueleza.

Mgeni wa mambo haya ana maswali, na ni maswali ya maana. Anauliza 192.168.1.1 ni nini, mbona iko kwake na iko pia kwa jirani. Jibu linatosha kwa dakika moja: hizo ni anwani za ndani ya nyumba, zilitengwa kwa kazi hiyo, maelfu ya nyumba zinazitumia kwa wakati mmoja bila kugongana kwa sababu hazitoki nje. Kinachotoka nje ni anwani moja ya ruta, nayo ruta inakumbuka nani ndani aliomba nini, ili majibu yakirudi yamfikie mwenyewe. Kinachokuja bila kuombwa hukataliwa mlangoni. Dakika moja tu. Badala yake mgeni huambiwa akasome, au huchekwa, au hutumiwa msururu wa namba za kunakili bila kuelezwa zinafungua nini.

Na namba hizo zinafungua milango kweli.

Chukua steshenari yoyote inayochapa kadi za harusi na mabango. Mwenye duka anataka tawi la pili limtumie mafaili makubwa, anaambiwa aweke seva ya FTP, mfumo wa zamani wa kutumiana mafaili, kwenye kompyuta ya dukani na afungue mlango namba 21 kwenye ruta. Anafungua. Kijana wa tawini anajaribu: jina limekubaliwa, nenosiri limekubaliwa, kisha orodha ya mafaili haiji. Skrini imeganda. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kuzima ulinzi wote wa ruta ili kazi iende, kumbe sababu ni nyepesi kueleza. FTP hutumia njia mbili: moja ya kupokea amri, ambayo ndiyo hiyo 21, na nyingine ya kupitisha faili lenyewe. Hiyo ya pili haikufunguliwa. Katika hali ya zamani seva ndiyo hupiga simu kurudi kwa mteja, na ruta ya mteja, ikiwa haijaielewa simu hiyo, huikataa. Katika hali ya pili mteja ndiye hupiga zote mbili, lakini seva iliyo nyuma ya ruta humtajia mteja anwani ya ndani, ile ya 192.168, ambayo kwa aliye nje haifiki popote. Dawa ni kuitajia seva anwani yake ya nje na kuipangia milango michache maalumu. Kuvua ulinzi wote hakuhitajiki. Lakini aliyefunga hakueleza.

Ubaya zaidi ni kwamba hata ikifanya kazi, haifai. FTP iliandikwa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, mwanafunzi wa Kihindi aliyekuwa MIT, wakati mtandao mzima ulikuwa na kompyuta chache na wenye nazo wakijuana. Jina na nenosiri husafiri kama yalivyo, herufi kwa herufi, na yeyote aliye njiani anaweza kuyasoma. Kwa mwaka ule halikuwa kosa. Kosa ni kumfungia mtu mfumo huo leo na kumwachia. Kundi la Debian, linalotengeneza mfumo wa kompyuta wa Linux, lilizima seva zake za FTP za umma Novemba 2017. Kivinjari cha Firefox kiliiondoa FTP Julai 2021, kile cha Chrome kikaiondoa kabisa Oktoba mwaka huo huo. Mwenye steshenari naye bado anafungiwa.

FBI hao hao walipiga kelele Machi 2017. Walizionya hospitali na kliniki za meno kwamba wahalifu wanaingia kwenye seva za FTP zilizowekwa zipokee mtu yeyote bila nenosiri, na wakataja utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa 2015 uliokuta seva za hali hiyo zaidi ya milioni moja. Kilichokuwa hatarini ni taarifa za wagonjwa. Wale madaktari wa meno hawakukaa wakaamua kuanika majina ya wagonjwa wao. Kuna mtu aliyekuja, akafunga seva, akalipwa, akaondoka.

Njia salama ipo, tena si ngeni. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Helsinki, alikuta maneno ya siri yamechotwa kwenye mtandao wa chuo chake, akaandika SSH, inayoyafunga mazungumzo yote yasisomeke njiani. Aliomba mlango namba 22, jirani kabisa na 21 wa FTP. Juu ya SSH ndipo hukaa SFTP, inayotuma mafaili kwa mlango mmoja tu, bila ile adha ya njia mbili. Programu nyingi za kutuma mafaili zinatumia FTP na SFTP zote mbili. Kinachobadilika ni chaguo moja kwenye orodha. Chaguo moja! Na hata hilo halielezwi.

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki kuna fumbo jingine linalowakesha wanaoanza. Amefungua mlango, ameseti kila kitu sawasawa, bado kutoka nje hafikiki. Kosa mara nyingi si lake. Anwani za mtindo wa zamani zimekuwa adimu. AFRINIC, taasisi inayozigawa Afrika, iliingia hatua ya mwisho ya mgao Januari 2020. Kwa hiyo kampuni za mtandao huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mteja akifungua ukurasa wa ruta na kuona anwani yake ya nje inaanza na 100, ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, ajue kuna ruta nyingine ya kampuni mbele yake, na hakuna cha kubonyeza nyumbani kitakachoifungua. Aombe anwani ya umma, au atumie njia nyingine. Aambiwe mapema, kabla hajanunua ruta ya pili bure.

Kueleza kunaweza kuwa sheria. Uingereza tangu Aprili 29, 2024 inakataza kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na nenosiri moja la kiwandani kwa wote, na inamlazimu mtengenezaji kutamka masasisho yatatolewa hadi lini. Faini inafika pauni milioni 10, au asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani. Mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya zidai hivyo hivyo: tarehe ya mwisho ya masasisho iandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Lakini msiisubiri sheria. Geuzeni ruta zenu leo, someni stika ya chini, andikeni jina la toleo na mwulizeni muuzaji kama bado linapata masasisho. Kama halipati, badilisheni ruta. Kama fedha haijapatikana, zimeni kipengele cha kuiendesha ruta kutoka mbali, kisha izimeni na kuiwasha upya. Ndivyo FBI walivyoshauri Mei 2025. Fungeni mlango wa 21 kama hamjui ulifunguliwa kwa ajili ya nini. Na nyie mafundi, mnaosikiliza mkiwa kazini, elezeni! Na wewe mteja, kabla ya kutoa senti ya mwisho, mkalishe fundi akuandikie kwenye karatasi nenosiri jipya la ruta, milango aliyoifungua na sababu ya kila mmoja. Asipoweza kuitaja sababu, mwambie aufunge hapo hapo, ukimwona.