Nani Atakayeshika Ufunguo wa Lango?

Hotuba kwa wanaharakati na waumini, Kakamega



Tumeombwa tulijibu swali moja. Je, serikali itoe ruzuku za kuimarisha ulinzi wa makanisa, misikiti na mashirika yasiyo ya faida yaliyo hatarini? Na ikizitoa, tuzipokee kwa masharti gani?

Hatari yenyewe twaijua. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa pamoja na watu waliokimbilia humo. Tarehe 1 Julai 2012, watu 17 waliuawa makanisa yaliposhambuliwa Garissa. Tarehe 6 Julai 2025, genge lilivamia Nairobi ofisi za Kenya Human Rights Commission, shirika lisilo la serikali, wakati akina mama walipokuwa wakidai hadharani ukatili wa polisi ukomeshwe.

Ulinzi nao ni gharama. Kanisa kubwa la mjini laweza kujenga ukuta na kuajiri walinzi. Kanisa la kijijini lina mzee mmoja, tochi na rungu, naye hulipwa kwa sadaka.

Marekani ina mpango wa namna hii tangu mwaka 2005. Shirika hueleza udhaifu wa majengo yake, likaomba fedha za kamera, malango, taa na walinzi. Wazo ni jema. Lakini Machi 2025 malipo yalisimamishwa kwa muda, na mashirika yaliyokwisha kutumia fedha zao yakitarajia kurudishiwa yakabaki yakingoja. Mwenye kutoa aweza pia kuzuia.

Kwetu sisi liko jambo zito zaidi. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipigwa na kufukuzwa Uhuru Park, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Tarehe 7 Julai 1997, wakati wa kudai mageuzi ya katiba, polisi waliingia katika kanisa hilo hilo kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Aliyevunja amani ya madhabahu siku ile alikuwa amevaa sare ya serikali. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Basi tuifikirie fomu ya maombi. Itauliza milango ni mingapi, nani hulala ndani, wageni huingia saa ngapi, na ni nani anayewatishia. Faili hilo litalala wapi? Shirika linalowaficha mashahidi dhidi ya ofisa fulani litakuwa limemkabidhi ofisa huyo ramani ya nyumba.

Wapo wanaosema tuzikatae fedha hizo kabisa. Twaiheshimu hofu yao, lakini hatukubaliani nao. Fedha za serikali ni kodi yetu, na tukizikataa, atakayebaki wazi usiku ni yule mzee mwenye tochi. Tunalokataa ni fadhila. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliukataa mchango wa Rais uliotolewa katika kanisa Katoliki la Soweto. Ulinzi nao usiletwe katika bahasha ya harambee.

Kwa hiyo twadai mambo matano. Ruzuku ziwekwe na sheria ya Bunge, zisitegemee hisani ya mtu. Zigawanywe na kamati huru yenye wajumbe wa dini na wa mashirika, isiyo chini ya polisi. Kiasi kilichotolewa kitangazwe, lakini siri za majengo na za watu zifungiwe, na anayezifichua ashtakiwe. Makundi madogo yalipwe kabla ya kazi, kwa kuwa hayana cha kutanguliza. Na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, kama Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinavyompa haki, apate kwenda mahakamani.

Wala ruzuku isiwe kisingizio. Kifungu cha 29 champa kila mtu haki ya kutotendewa jeuri, iwe yatoka kwa watu binafsi au kwa dola. Kamera itaonyesha sura ya mhuni. Kumkamata, na kumtaja aliyemtuma, bado ni wajibu wa serikali.

Mkirudi nyumbani, kila kundi liteue watu wawili waaminifu. Wakague milango, waandike upungufu, na daftari hilo likae mikononi mwenu. Kisha mpelekeeni mbunge wenu madai haya matano, mkamwombe jibu lenye sahihi yake.

Lango na lijengwe kwa kodi yetu. Ufunguo ubaki kwetu.