Barafu Iwe Juu ya Samaki
(Mazungumzo kwa vikundi vya wauza samaki, Homa Bay na Migori)

Leo tuseme juu ya barafu, kwa maana mbuta akioza njiani, hasara ni ya kikundi kizima.

Maji yakipoa huwa mazito, yanashuka. Yenye joto hupanda, nayo yapoe. Yanazunguka hivyo mpaka digrii 4, ambapo maji ni mazito kuliko wakati wowote. Yakipita hapo huwa mepesi tena, mzunguko unalegea, barafu inashika juu na kando. Sasa joto la katikati litoke wapi? Lazima lipenye barafu yenyewe, pole pole. Kwa hiyo mwenye friza asigandishe ndoo nzima. Atumie mikebe midogo au mifuko myembamba.

Na sandukuni je? Wengine huweka barafu chini tu. Hapana! Baridi hushuka, haipandi. Tandaza kidogo chini, panga samaki, kisha barafu nyingi juu. Ikiyeyuka, maji baridi yatawapitia wote. Toboa tundu chini yatoke.

Ndugu wa Mbita na Muhuru Bay, jaribuni safari hii, mtuletee habari.