Gari la Stima na Petroli: Tupige Hesabu Kwanza

Kikundi kimoja kimetuuliza: je, akiba yetu inunue gari kuukuu la kuchajiwa stima na kutiwa petroli? Hebu tupige hesabu. Mitsubishi Outlander ya namna hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2013. Betri yake ilijaa uniti 12 hivi za stima. Likiwa jipya, hizo ni kama kilomita 40, kisha petroli inashika kazi. Soko likiwa karibu na stima iko nyumbani, litatufaa. Stima ikikosekana, tutabeba betri nzito bure, na petroli tununue. Tena betri huchoka. Kwa hivyo, kabla ya kutoa shilingi ya mtu, fundi aipime. Nanyi mkahesabu: kwa siku tunaenda kilomita ngapi?