Giaboksi Inayosingiziwa: Hotuba ya Vijana Mafundi, Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati ilitutaka tueleze kazi tunayojifunza gereji huko Rwezamenyo, ikatuonya tusije na maneno ya shukrani peke yake. Kwa hiyo tumechagua jambo moja la kazi yenyewe, jambo dogo la skrubu mbili, ambalo limewafanya watu wengi wauze mali bila sababu.

Kwa wasioijua, Rwezamenyo ni sekta ya Wilaya ya Nyarugenge, mjini Kigali, jirani na Nyamirambo na Biryogo. Mitaa ile imezungumza Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na sisi tuliotoka Kongo tulipofika hatukuhitaji mkalimani. Tena ni mahali pa milima. Gari likitoka bondeni Nyabugogo kupanda Nyamirambo, kila ubovu wa gia unajitokeza wenyewe.

Magari ya otomatiki tunayoletewa mara nyingi ni Toyota za miaka ya 1990. Malalamiko ya wenyewe yanafanana: gia inachelewa kuingia, au gari linapiga teke, au likifika mlimani linabadili gia juu na chini kama lisilojua linalotaka. Na jibu wanalopewa huko wanakopita kwanza nalo linafanana: "Giaboksi imekufa." Basi inanunuliwa giaboksi ya mtumba ambayo hakuna ajuaye ilikotoka, inafungwa, na teke linabaki palepale.

Tueleze kwa nini. Katika magari hayo, kompyuta ndiyo inayoamua gia ibadilike lini, na inaamua kwa habari mbili kubwa: gari linakwenda kasi gani, na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Lakini kompyuta haiuoni mguu wa dereva. Inaambiwa na kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa throtoli, yaani kile kimlango cha kuingiza hewa kwenye injini. Mafundi wanakiita sensa ya throtoli. Inapewa umeme wa volti 5, nayo inarudisha sehemu yake: kimlango kikiwa kimefungwa, kati ya volti 0.3 na 0.8 hivi, kikiwa wazi kabisa, kati ya 3.2 na 4.9.

Sasa sensa ikilegea au ikifungwa vibaya, inatoa habari ya uongo. Ikisema mguu ni mzito wakati dereva amegusa tu, kompyuta inachelewesha gia, injini inalia, na gia inapoingia inaingia kwa kishindo. Ikisema mguu ni mwepesi, gia ya juu inaingia mapema na gari linakosa nguvu mlimani. Wenzetu wa kambini mtatuelewa upesi: karani wa mgao akiletewa orodha yenye idadi isiyo sahihi, atagawa kwa uaminifu kabisa na bado watu watalala njaa. Kuvunja ghala hakutasaidia kitu. (Ndugu zetu wa mashirika, huu ni mfano tu.)

Alikuja mzee mmoja na teksi yake. Gereji nyingine ilikuwa imemwambia anunue giaboksi, naye alikuwa ameshampata mtu wa kununua ng'ombe wake wawili. Fundi wetu mkuu hakushika spana. Alitoa kijiti cha mafuta ya giaboksi akatunusisha mmoja mmoja. Yalikuwa mekundu, hayana harufu ya kuungua. Mafuta meusi yanayonuka moto ni dalili ya sahani za klachi zilizokwisha. Haya hayakuwa hivyo.

Kisha akaunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 katika kile kisanduku kidogo chini ya boneti, akawasha ufunguo bila kuwasha injini. Sensa ya throtoli ikiwa imekatika waya, taa ya injini humweka mara nne, ikapumzika, ikamweka mara moja: namba 41. Safari hii taa ilimweka sawasawa bila kupumzika, maana yake kompyuta haina mashaka yoyote. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kuilaumu giaboksi. Lakini kompyuta hulalamika inapoletewa habari isiyowezekana. Habari ya uongo inayowezekana inaipokea tu.

Mita ndiyo iliyosema. Throtoli ikiwa imefungwa, sensa ilikuwa inatoa volti 1.1. Na vichwa vya zile skrubu mbili vilikuwa na alama mpya za bisibisi: kuna mtu aliisafisha throtoli, akairudisha sensa kwa kukisia.

Kuirekebisha hakukuchukua hata saa moja. Kwanza tulihakikisha throtoli inafunga mpaka mwisho na kebo ya mafuta haivutwi. Tukalegeza skrubu. Tukaweka fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya mkono wa throtoli na kizuizi chake, tukazungusha sensa polepole mpaka kile kiungio cha mguu uliotulia kikakubali kwa fila nyembamba na kukataa kwa fila nene. Kwa injini nyingi za namna hiyo ni karibu nusu milimita na zaidi kidogo, lakini kila injini ina kipimo chake kitabuni, msituige kwa kichwa. Tukakaza, tukapima tena, tukakanyaga mafuta taratibu tukiangalia mshale wa mita upande bila kuruka. Ukiruka, sensa imelika ndani na hakuna marekebisho, ni kununua nyingine.

Tulipopanda naye mlima, gia ziliingia bila mtu kuzisikia. Mzee alinyamaza mpaka juu, kisha akasema, "Wanangu, nipeni simu nimzuie yule mtu wa ng'ombe."

Msituelewe vibaya. Gari linaloteleza, au linalokataa kurudi nyuma, au lenye mafuta yaliyoungua, hilo giaboksi yake inaumwa kweli. Baadhi ya Toyota hizo pia zina kebo nyingine inayotoka throtoli kwenda kwenye giaboksi kurekebisha nguvu ya mafuta, nayo ikaguliwe. Magari mapya mengi hayana sensa ya kuzungushwa, na yale ambayo throtoli yake inaendeshwa na mota yasitiwe kidole wakati ufunguo umewashwa. Na Land Cruiser nyingi za mashirika ni za gia ya mkono, hivyo wageni wetu warudi kwa amani.

Ombi letu kwa Kamati na kwa mashirika si kubwa. Tuko tisa na tuna mita moja, tena ya kuazima. Tunaomba mita mbili, ikiwezekana za mshale, seti moja ya fila, na vitabu vya injini hata vilivyochakaa, kwa Kifaransa au Kiingereza. Kuvitia katika Kiswahili ni kazi yetu. Kurasa za umeme wa injini tumeshazianza, na anayetaka kuzisoma atukute banda la ufundi kila Jumamosi baada ya adhuhuri.