Picha ya ubongo, mkono wa baba na lupango ya familia

Mazungumzo tuliyotoa ku mkutano wa wanachama, Lubumbashi



Leo tunazungumza juu ya AVC, ile ugonjwa ambayo vitabu vinaita kiharusi. Kamati ilituletea swali. Familia moja ya kwetu ina baba aliyepooza upande wa kuume, sasa wiki ya 5. Skaneri ya kichwa walikwisha kufanya. Sasa wanataka kuuza lupango, ile waliyopata nyuma ya kurudi kutoka kambi ya Kala, ili baba avuke Kasumbalesa apigwe picha ya pili, IRM. Juu ya nini? Mtu aliwaambia hiyo picha njo itasema kama mkono utarudi ao hapana.

Picha hizi mbili hazifanyi kazi moja. Skaneri inaonesha haraka kama damu imemwagika ndani ya ubongo. Hiyo njo munganga anapashwa kujua mbele ya kutoa dawa, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande, ukimpa mtu anayevuja damu, unaweza kumuua. Kama ni mshipa umezibwa, masaa ya kwanza picha inaweza kuonekana safi. Musiseme lopitali imekula franga bure. Pesa ya skaneri itoke ku kese siku ile ile, bila mabishano.

Mkono ni swali lingine. Kutoka ubongo mpaka uti wa mgongo kuna nyuzi zinazopeleka amri kwa misuli. Fikirini waya ya umeme: nguzo inaweza kuinama na waya ikabaki nzima, ao waya ikakatika kabisa. IRM inaweza kuonesha hiyo njia imeharibika kiasi gani. Mwaka 2012 Cathy Stinear na wenzake wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walitoa utaratibu wa kutabiri mkono utafika wapi, na IRM ilikuwa ndani yake. Mwaka 2017 waliutengeneza upya, kwa kufuata wagonjwa 207 mpaka miezi 3. Na IRM wakaitoa! Waliona haihitajiki tena. Utabiri ulipatana na ukweli kwa wagonjwa 75 ku 100.

Wanaanza na nini? Paka kitanda cha mgonjwa. Katika siku 3 za kwanza munganga ao mtu wa kinezi anamwambia ainue mkono pembeni, kisha anyooshe vidole. Kila kitendo kina alama 0 mpaka 5. Jumla ikifika 5 ao zaidi, matumaini ya mkono ni makubwa. Ikiwa chini, kule wanaongeza kipimo cha sumaku juu ya kichwa, kuona kama amri bado inafika ku mkono. Kwa hiyo alama ndogo peke yake si hukumu. Na wale wagonjwa walikuwa wanapata mazoezi; mtu mwenye alama nzuri anayeachwa ku mkeka, hesabu hiyo haimhusu tena.

Kwa baba yetu, siku 3 zilikwisha kupita. Lakini tulimtembelea, na vidole viwili vinaanza kunyooka. IRM, hata ingesema nini, haibadilishi kazi ya kesho asubuhi: kinezi. Kama munganga mwenyewe anaiomba kwa sababu nyingine, hayo ni mambo mengine, na tutamsikiliza.

Basi tunaomba kamati ikatae kuchangia ile safari, na ilipe usafiri wa baba kwenda kinezi mara 3 kwa wiki, miezi 3. Wafadhili, hapo njo tunahitaji mkono wenu. Lupango ibaki, ndani yake njo watoto wanalala.

Mashine ya kupima tansyo iko karibu na mlango. Hata vijana, mupite pale mbele ya kutoka.