Sadaka na Haki: Ndugu Wawili Waliotengana
(Hotuba iliyotolewa Mtambile, Pemba, katika jubilei ya miaka mia ya usharika)



Katika sherehe hii yamehesabiwa mengi yaliyotolewa kwa miaka mia moja. Nami naomba tulitafakari neno moja tu: sadaka.

Neno hili limetujia kwa njia ya Kiarabu, na jirani zetu Waislamu hapa Pemba wanalo pia. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri ambaye Biblia yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu, akitafuta Kiswahili cha Kibantu zaidi. Nia yake ilikuwa njema. Lakini Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na mara nyingine neno la jirani hutufikisha kwa manabii.

Katika Kiebrania, ndugu yake sadaka ni "tsedaka", maana yake haki. Ndilo lililoandikwa katika Mwanzo 15:6, Abrahamu alipomwamini Mungu akahesabiwa haki. Juu ya aya hiyo Mtume Paulo aliijenga Warumi 4, na kutoka kwa Paulo Martin Luther alijifunza kwamba haki hiyo hupokewa kwa imani, hainunuliwi.

Sasa tufungue Amosi 5 katika Biblia yetu ya mwaka 1952. Mungu anakataa sadaka za watu wake, anadai haki itiririke kama maji. Zile sadaka zilizokataliwa zina majina mengine katika Kiebrania; kinachodaiwa ndicho "tsedaka". Hivyo neno lililo ndugu wa haki limesimama upande wa kile kilichokataliwa! Watafsiri hawakukosea, kwa maana neno huishi kwa matumizi ya wasemaji wake, si kwa asili yake peke yake. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili hauoni tena undugu ule, na asipouona aweza kudhani kwamba kutoa ni jambo moja na kutenda haki ni jingine.

Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Katika utumishi wangu nilikuwa nikisoma madhabahuni majina ya waliotoa zaidi. Mama mmoja mjane aliacha kuja ibadani. Nilipomtembelea aliniambia, "Mchungaji, msimu wa karafuu umekwisha, nitakuja na nini?" Nilikuwa nimemfundisha, bila kukusudia, kwamba mlangoni pa Mungu kuna kiingilio. Tangu siku ile sikusoma tena majina.

Wapendwa, tusiache kutoa. Bali kapu likipita mbele yetu, tukumbuke kwamba tumekwisha kuhesabiwa haki bure, na kwamba ujira wa kibarua tuliouzuia hauwezi kugeuzwa kuwa sadaka. Ndugu hawa wawili walitengana katika lugha; wasitengane katika usharika huu.

Mungu awabariki.